Katoni Zilizoandikwa Sabuni

Mume wa mdogo wangu hakupenda kuitwa muuzaji. Alitaka aitwe Direkta. Neno hilo alilitarizisha kwenye shati, upande wa moyo, kwa uzi wa rangi ya dhahabu, na shati hilo alilivaa kila mahali, hata akienda kununua mkaa. Alikuwa Direkta wa katoni zilizopangwa kwenye salon yake, kati ya kochi na ukuta. Hakuwa na mfanyakazi hata mmoja. Mfanyakazi alikuwa mke wake, na mke wake ni mdogo wangu, tumbo moja.

Kabla ya hapo aliwahi kushika kazi kwenye mradi wa wageni. Mradi ulipofunga biro yake, ofisi ya hapa Kalemie, yeye alibaki na begi la ngozi na tabia ya kusema "nitawapa jibu". Kwa muda wote aliokaa bila kazi, aliyelisha nyumba ni mdogo wangu. Yeye huoka gato, yaani keki, za harusi, za ubatizo, za komunyo, za diplome. Huoka kwa mkaa, ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga chini na makaa juu ya kifuniko, na gato yake hutoka laini kuliko zile za watu wenye tanuri la umeme, maana umeme wenyewe huja ukitaka. Mume wake alikula gato hizo, akavaa viatu vilivyonunuliwa kwa gato hizo, na akasema mbele ya watu kwamba mke wake "anajisaidia kidogo".

Siku moja akagundua kwamba wateja wa mke wake wana simu. Akaomba namba zao zote, akafungua grupu, akaanza kuagiza vitu kutoka Kigoma, ambako vilikuwa vimetoka mbali zaidi. Kulikuwa na chupa za povu jeupe ambalo watu humwagiana kwenye sherehe. Kulikuwa na mishumaa inayosimamishwa juu ya gato ikarusha cheche kwenda juu kama maji ya bomba lililopasuka. Kulikuwa na makopo ya moshi wa rangi, na kalamu ambazo ukizibonyeza uandike zinakupiga umeme, ili wenzako wacheke. Vyote hivyo alivipa jina moja: vitu vya furaha. Mimi nilishikishwa kalamu moja siku ya Noeli, nikapigwa umeme hadi kwenye kiwiko, na Direkta akacheka mpaka akakaa chini. Mwanaume mwenye ndevu nyeupe.

Sasa niseme kazi yangu, maana ndiyo iliyonikutanisha naye kila wiki. Niko kwenye ajansi ya mizigo karibu na bandari. Tunapokea vifurushi vya watu na kuvipeleka: kwa mashua hadi Moba, na kutoka hapo hadi Kirungu juu milimani, kwa treni hadi Nyunzu siku treni ikipenda, kwa ndege ndogo pia. Nyuma ya kaunta yetu kuna karatasi iliyobandikwa ukutani. Ina picha za vitu visivyosafirishwa: moto, chupa ya gazi, yaani gesi, fuvu la kichwa, maji makali yanayokula chuma na mkono. Hakuna haja ya kujua Kifaransa. Mtu anayetambua moto anaelewa karatasi ile.

Direkta alikuja na katoni yake ya kwanza, imefungwa kwa utepe wa gundi wa kahawia, ikienda kwa mteja wa Kirungu.

"Shemeji," akaniambia, "andika tu sabuni."

"Ndani kuna nini?"

"Vitu vya furaha."

"Furaha ya namna gani?"

"Shemeji, wewe njo familia. Sasa unaniuliza sawa vile polisi?"

Niliinua katoni nikaitikisa. Ndani chupa ziligongana.

"Sabuni haigongane hivi," nikamwambia. "Hii ni gazi. Haipande mashua, haipande ndege. Angalia karatasi."

Hakugeuza hata shingo.

"Karatasi ile ni ya Wazungu," akasema. "Kwao njo vitu vinalipuka. Huku kwetu havilipuke."

Nimesikia upuuzi mwingi kwenye kaunta ile. Nimeambiwa mbuzi ni mzigo wa mkononi. Lakini hilo la gazi inayojua nchi gani ilipuke na nchi gani itulie, lilinishinda. Nilisukuma katoni yake kwa vidole viwili ikarudi upande wake, nikamwita mteja aliyefuata.

Direkta hakuondoka. Alizunguka kaunta akaingia kwa patroni wangu, mkuu wa ajansi. Patroni wangu ni mtu wa kukaa. Hukaa asubuhi, na jioni huinuka ili akakae kwake. Sheria za ajansi anazipenda kama watu wanavyopenda picha ya babu: iwepo ukutani, isiwasumbue. Nilisikia vicheko, kisha patroni akatoka na chupa za povu kwapani, za sherehe ya binti yake, akachukua kalamu yangu, akaandika mwenyewe kwenye katoni: savon.

"Mama," akaniambia, "hapana kufanya kazi ikuwe nguvu. Ni michezo ya watoto."

Tangu siku hiyo katoni za Direkta hazikupita kwangu. Zilipitia mlango wa patroni na kutoka zikiwa sabuni. Ukihesabu sabuni iliyopanda kwenda Kirungu mwaka ule, ungedhani huko milimani watu hawafanyi kazi nyingine isipokuwa kufua.

Mtandao ndio uliomgomea kwanza. Alikuwa ameweka picha za bidhaa zake kwenye ukurasa wa watu wote, na siku moja ukurasa ukafungwa. Ujumbe aliopewa ulikuwa mfupi: vitu vya aina hii haviuzwi hapa, vinaweza kujeruhi watu. Mtu mwenye akili angekaa akajiuliza. Yeye alisema ni wivu. Alisema kuna mpinzani wake Uvira aliyemchongea. Jumapili alipeleka simu kwenye maombi, na mchungaji, ambaye naye alikuwa ameahidiwa mishumaa kwa ajili ya harusi ya mtoto wake, aliweka mkono juu ya ile simu na kuifungua vifungo. Jumatatu Direkta akafungua ukurasa mwingine, picha zilezile, jina jipya: mapambo ya gato. Ukapita. Akaja mpaka kwenye ajansi kunionyesha.

"Unaona?" akasema. "Hata wao hawakusoma."

Alisema hivyo kwa majivuno, mtu mzima, kana kwamba kutosomwa ni cheti.

Mdogo wangu alikuwa anasoma. Alikuwa wa kwanza darasani kwake hadi minerval, karo ya shule, ilipokosekana. Alizichukua chupa za povu, akasoma maandishi madogo ya mgongoni, akaona picha ya moto iliyokatwa mstari. Akampelekea mume wake.

"Hapa wanasema hapana kunyunyiza karibu na moto," akamwambia. "Na wewe unauzisha chupa pamoja na mishumaa. Mara moja."

Direkta akamwambia atampa jibu. Jibu lilikuja baada ya siku chache kutoka kwa mwenye mashine ya kuchapisha: etiketi nyingi zenye picha yake, amevaa tai, anatabasamu, na chini yake neno "Ubora". Alikaa salon akizibandika kwenye chupa, moja baada ya nyingine. Na katika mgongo mzima wa chupa, mahali alipoona panafaa uso wake ni palepale juu ya ile picha ya moto.

Mdogo wangu alikuja kuniambia. Nikamwambia aende kwa mjomba wa mume, aseme. Akaenda. Mjomba akamwambia kwamba mwanamke asiyemtakia mume wake maendeleo ni mwiba ndani ya nyumba. Basi.

Matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, dada mdogo wa Direkta alikuwa amepata diplome. Huku kwetu mtu akipata diplome hupakwa pudra kichwa hadi miguu, huzungushwa mtaani akiwa mweupe kama aliyetoka kwenye kinu cha unga, na hakuna mtu anayelala njaa kwenye uwanja wa nyumba yao siku hiyo. Direkta alisema sherehe ataisimamia yeye. Nilijua maana yake. Maana yake ilikuwa kwamba mdogo wangu atapika, mdogo wangu ataoka, na Direkta atapiga video ya kuuzia bidhaa.

Ilikuwa mchana, jua bado kali, viti vya plastiki vimepangwa chini ya hema la bluu. Mimi nilikuwa pembeni nikigawa mboga ya sombe na samaki wadogo wa ndakala. Mdogo wangu akatoka nyumbani ameshika gato juu ya sinia, gato ya ghorofa, nzuri, yenye maua ya krimu yaliyomchukua asubuhi nzima. Alikuwa amesuka meshi ndefu, amevaa kitenge kipya. Juu ya gato mume wake alikuwa amechomeka mishumaa yake ya cheche. Akaiwasha, akarudi nyuma, akainua simu.

"Simama hapo," akamwambia. "Hapana kuweka mezani. Nataka nione uso."

Kisha akawaita vijana wa ukoo, ambao alikuwa amewagawia chupa za povu, akawapanga huku na huku ya mke wake na ya dada yake mwenye pudra.

Mdogo wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ngojeni mishumaa izimike kwanza."

"Hapana," Direkta akasema nyuma ya simu. "Pamoja njo inakuwa muzuri. Pigeni."

Wakapiga.

Sauti iliyotoka nilidhani ni mtu amekung'uta shuka kubwa. Povu halikufika kwao likiwa povu. Lilifika likiwa moto, pana, wa rangi ya machungwa, ukapita juu ya gato na kumfunika mdogo wangu kichwa na mikono, kisha ukaisha, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ila meshi zake zilikuwa zinawaka. Meshi ni plastiki. Haziungui kama nywele, zinayeyuka na kung'ang'ania ngozi.

Jambo ambalo bado silielewi ni kwamba hakudondosha sinia. Alipiga hatua hadi mezani, akaiweka gato, akaisukuma isiwe ukingoni, ndipo akapeleka mikono kichwani. Mimi nilimwaga beseni la maji ya kuoshea sahani juu yake, sabuni na makombo yote, kisha nikamfunga kwa kitenge changu. Yule binti wa diplome alikuwa amesimama palepale, nyusi zimeungua, pudra yote usoni, mdomo wazi.

Nikageuka nimtafute mume. Alikuwa bado ameshika simu, imeinuliwa vilevile. Alichosema, na watu wote waliokuwa chini ya hema walikisikia, ni hiki:

"Nani alileta chupa karibu sana?"

Hospitalini, daktari alituuliza nini kimemuunguza. Kabla sijafungua mdomo, Direkta akajibu kwamba ni gazi ya kupikia, imelipuka jikoni.

"Nyumbani kwao hakuna gazi," nikamwambia daktari. "Wanapika na makaa. Ni chupa za povu zake mwenyewe na mishumaa yake mwenyewe."

Daktari alimtazama Direkta, akasoma lile neno kwenye shati lake, kisha akanitazama mimi. Akaendelea kukata meshi zilizoganda kwenye shingo ya mdogo wangu. Alikuwa ameungua shingo, masikio, upande mmoja wa kichwa, na mikono yote miwili, hasa vidole.

Direkta alikuja kumwona kila siku saa ya wageni, siwezi kumsingizia. Alikuja na watu wa kanisa na watu wa mtaa, akasimama kwenye miguu ya kitanda, akawasimulia jinsi gazi isivyo ya kuaminika. Alisimulia vizuri. Kila siku jiko lililipuka kwa nguvu zaidi. Mdogo wangu alikuwa amelala ubavu na macho amefumba, watu wakidhani amelala.

Walipoondoka akaniita. "Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita kwa kuwa mimi ni mkubwa wake, "anasema ni gazi?"

"Anasema."

"Mimi sina gazi."

Kisha akaniomba nichukue simu yake kwenye begi, nifungue grupu ya mume wake, ile ya wateja. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa bandeji, kwa hiyo nilimshikia simu mdomoni akatuma sauti. Hakulia wala hakulalamika. Alisema yeye ni fulani, yule anayewaokea gato. Alisema chupa za povu zina gazi inayowaka, na mishumaa ni moto, na mtu asiviweke pamoja, na waliokuwa navyo ndani wasiviweke karibu na mbabula, jiko la makaa. Alisema waibandue ile etiketi yenye picha ya mume wake, watasoma wenyewe. Alisema yuko hospitalini kwa sababu hiyo. Akaomba nitume na picha ya mkono wake kabla haujafungwa, ambayo niliipiga mimi.

Tukangoja. Majibu yalianza kuingia. Wa kwanza aliandika: pole mama. Wa pili: Mungu ni mkubwa. Wa tatu alikuwa mama mmoja ninayemfahamu, mke wa mtu wa reli, ana nyumba ya matofali na watoto wanaosoma Lubumbashi. Aliandika: pole sana, na ile ya moshi wa bleu inabakia? Wa nne akasema naye anaitaka hiyo ya bleu. Mimi nilimsomea mdogo wangu yote, maana alitaka kusikia. Alicheka, na kucheka kulimuuma shingo.

Baada ya muda mfupi mume wake akamtoa kwenye grupu. Kisha akawaandikia wateja kwamba kuna watu wanatumia ugonjwa kuharibu biashara ya mtoto wa nchi.

Mdogo wangu alipotoka hospitalini hakurudi kwa mume wake. Alikuja kwangu. Hatukufanya mkutano juu ya hilo. Nilimwonyesha kitanda, akalala. Alipopata nguvu alianza kupika, akishika mwiko kwa viganja kwa kuwa vidole havikukunjika vizuri, na saa sita mchana alikuwa ananiletea chakula ajansi, kichwa kimefungwa kitambaa hadi masikioni.

Ndivyo alivyokuwepo siku mzigo wa Moba ulipokuwa unafungwa. Mashua ilikuwa tayari, nahodha alikuwa amesimama kwenye kaunta yetu akingoja katoni za mwisho. Ni Mbembe wa pwani ya kaskazini, mtu wa maneno machache, anayebeba watu, samaki, na mafuta. Patroni wangu alitoka kwenye biro yake na katoni iliyofungwa gundi ya kahawia, tayari imeandikwa savon kwa mkono wake mzuri. Mdogo wangu akaweka bakuli la bukari, ugali wangu wa mchana, kwenye kaunta. Akaitazama ile katoni. Aliijua, alikuwa ameishi nyumba moja na katoni ndugu zake.

"Papa," akamwambia nahodha, "hii haiko sabuni."

"Ni nini, mama?"

Alifungua kitambaa alichozungushia mkono wa kushoto, akauweka ule mkono juu ya kaunta, mbele ya nahodha, kiganja chini. Ngozi yake wakati ule ilikuwa nyekundu na inang'aa, imekunjamana kati ya vidole.

"Ni hii," akasema.

Nahodha aliutazama muda mrefu bila aibu, kama anavyotazama injini. Kisha akatoa kisu.

"Nahodha," patroni akasema, "hatufunguake mizigo ya kliyenti."

"Kule chini niko na mapipa ya petroli," nahodha akajibu. "Na juu ya petroli kumekaa bamama na batoto. Kama kliyenti anapenda katoni yake, apande nayo kwenye mashua yake mwenyewe."

Akakata gundi. Chupa zikaonekana, zimejipanga, na kwenye kila chupa Direkta akiwa na tai, anatabasamu. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea kuangalia. Mmoja akamjua, akasema, "Kumbe ni huyu."

Baada ya hapo mambo yalifuata desturi yake. Nahodha alitoka nje akawaambia watu wa bandarini, wale wenye sare, nao wakaja wengi kuliko kazi iliyokuwepo. Wakakunja uso. Wakasema sheria inakataza, wakasema tena, wakazidi kusema. Na patroni wangu, ambaye kwa mwaka mzima alikuwa ameandika sabuni bila mkono kutetemeka, alijitokeza mbele yao, akainua kalamu, kalamu yangu, akaanza kuwaonyesha ile karatasi ukutani. Picha hii ni moto. Picha hii ni gazi. Akasema yeye huwakumbusha wafanyakazi wake kila asubuhi. Mimi nilikuwa nakula bukari yangu. Sikumkatiza. Kuna watu ambao ukiwasahihisha unawapa heshima wasiyoistahili.

Direkta aliitwa. Akaja mbio, akaangalia chupa, akawaambia wenye sare, "Mimi sikujuaka kitu ya namna hii." Akiwa amezungukwa na nyuso zake mwenyewe. Hata wale wenye sare, ambao hawana mazoea ya kucheka kazini, walitazama chini.

Walibeba katoni zote, ile ya ajansi na zile za salon yake, wakisema zinakwenda kuharibiwa. Haukupita muda mrefu nikaonyeshwa video ya harusi ya ndugu wa mmoja wa wale wenye sare. Povu lilikuwa jingi, jeupe, linamwagika kama theluji ya kwenye kalenda. Kijana mmoja aliinua chupa karibu na kamera, na Direkta akatutabasamia. Namna yao ya kuharibu vitu ni hiyo. Nashukuru tu kwamba siku hiyo hawakuwasha mishumaa.

Kisha wakaja kumwomba mdogo wangu arudi. Alikuja mjomba, akaja shemasi mmoja wa kanisa lao, na Direkta nyuma yao amevaa shati lisilo na maandishi. Niliwapa viti. Mjomba alizungumza sana kuhusu ndoa, na kuhusu majirani wanavyosema, na kuhusu nyumba isiyo na mwanamke inavyopata buibui. Mdogo wangu alisikiliza yote.

"Nitarudi," mdogo wangu akasema, mjomba alipomaliza. "Nitarudi leo hii. Neno moja tu. Bwana yangu aseme hapa, mbele yenu, ni nini iliniunguza."

Mjomba akamgeukia Direkta. Shemasi naye akamgeukia. Lilikuwa jambo rahisi. Mtoto wa shule ya chekechea angelisema.

"Ilikuwa ajali," Direkta akasema.

"Ajali ya nini?"

Akakohoa. Akatazama mlango.

"Ajali ya sherehe."

"Mama," shemasi akasema kwa upole, "musamaha haiulizake maswali mingi."

"Mimi niliuliza moja," mdogo wangu akasema.

Direkta alikuwa na muda wa kutosha wa kusema maneno mawili, chupa zangu, na mke wake angechukua nguo zake akamfuata; namjua mdogo wangu, angefanya hivyo, nami ningekasirika mwaka mzima. Hakuyasema. Alikuwa anatazama viatu vyake, ambavyo navyo, nikumbushe, vilinunuliwa kwa gato. Mdogo wangu akainuka, akawaletea maji ya kunywa kwenye sinia, akawashika mkono mmoja mmoja, wakaenda.

Siku hizi Direkta anauza viberiti vya umeme na taa za mwanga mwekundu ambazo vijana hummulika nazo mtu machoni kutoka mbali. Grupu ina jina jipya na watu walewale. Yule mama wa moshi wa bleu yumo. Tukikutana njiani ananisalimia kwa heshima, "Bonjour Mama", nami namjibu, kwa kuwa mimi nilifundishwa kujibu salamu. Patroni wangu bado amekaa.

Mdogo wangu ameanza kuoka tena. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki, kwa hiyo mimi humkamulia krimu, naye hunielekeza. Maua yangu yanafanana na kabichi, wateja wanajua, hawasemi. Mara kwa mara mtu anakuja kuagiza gato na kuomba mishumaa ile inayorusha cheche. Yeye humjibu kwamba yeye anauza gato. Wengine hununa, huenda kwa Direkta wakapata mishumaa, kisha hurudi kwake kimyakimya, maana Direkta hajui kuoka.

Siku ya sherehe gato huipeleka mwenyewe, tukiwa wawili, mimi nashika upande mmoja wa sinia. Anaiweka mezani, anaigeuza upande mzuri utazame watu, anakunja kitambaa chake. Wenyeji humwomba abaki, ale, acheze, wampe kiti cha mbele. Huwashukuru. Kisha tunachukua sinia tupu na kuondoka kabla mtu hajaleta kiberiti.